Ukuta ule si wa nyumba moja: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya vibali vya ujenzi Mji Mkongwe

Waheshimiwa,

Assalaam alaykum.

Nakuandikieni juu ya ile nyumba ya ghorofa moja iliyoshikana ubavu na yangu, huku Mkunazini, ambayo maombi yake ya kujengwa upya yako mezani kwenu. Namba ya maombi sitaitaja, wala jina la muombaji. Mnavijua vyote viwili, na isitoshe sina ugomvi naye. Alikuja kunijulia hali, akanywa kahawa yangu, akanionesha michoro kwenye simu: ghorofa tatu badala ya moja, mgahawa wa makuti paani, na bwawa la kuogelea. Nikamsifia rangi. Kisha nikamuuliza, "Baba, ukuta huu tulioegemea mimi na wewe sasa hivi ni wa nani?" Akasema ni wake, umo katika hati aliyouziwa na warithi. Nikacheka, maana mimi ninayo hati ya marehemu babangu, na umo humo pia.

Nieleze ukuta wenyewe, kwa sababu katika ramani umechorwa mstari mmoja mweusi wa rula, na mtu asiyewahi kulala ubavuni mwake anaweza kudhani ni kitu kimoja. Ni mawe ya matumbawe yaliyopangwa kwa chokaa na udongo mwekundu. Unene wake unapita nusu mita, na katikati kumejazwa vifusi vya mawe madogo madogo. Msingi wake hauendi chini sana. Kilichousimamisha miaka yote hii ni uzito: boriti za sakafu yangu zimeingia humo kutoka upande huu, boriti za jirani zimeingia kutoka upande wa pili, na kila nyumba inaukandamiza ukuta usilale kwa mwenziwe. Boriti ni mikoko, urefu wake ni mita tatu au chini ya hapo, ndiyo maana vyumba vyetu vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba kama mabehewa. Aliyejenga hakupima chumba kwa futi. Alipima kwa mti ulioshushwa na jahazi kutoka Rufiji.

Sasa michoro inataka boriti za upande ule zing'olewe zote kwa mpigo, kabla nguzo hazijasimama. Siku hiyo ukuta utabaki na mzigo wa upande mmoja tu, na mzigo huo ni mimi: kabati la vyombo, vitanda vya mninga, na wajukuu wanne wasiojua kutembea ila kuruka.

Karatasi iliyobandikwa mlangoni inasema "ukarabati". Nimesomesha Kiswahili skuli miaka 31, kwa hiyo mnivumilie hapa. Ukikarabati dau unatoa ubao uliooza, unatia mwingine, unakalafati, na dau ni lile lile. Michoro hii inabakisha uso wa mbele na mlango wa nakshi, kisha inaondoa kila kilicho nyuma yake: kuta za ndani, dari, ngazi, ua. Panapanda nguzo za zege na nondo kutoka shimo jipya. Hilo ni jengo jipya lililovishwa kanzu ya marehemu. Liitwe kubomoa, lijadiliwe kama kubomoa, na majirani tuulizwe kama watu wanaobomolewa ubavuni. Jina likikosewa kwenye karatasi ya kwanza, yote yanayofuata yatakosewa kwa adabu kabisa, na muhuri juu.

Msije mkanifahamu vibaya. Nyumba ile inataka kujengwa. Ina miaka kumi na kitu haina mtu. Bati la paa limefunguka upande wa ngazi na masika yanapiga moja kwa moja ndani. Kwenye dirisha la juu umeota mpapai, na mwaka jana ulizaa. Ikiachwa hivi itaniangukia mimi kabla ya kumwangukia mwenyewe. Anayesema sisi wazee wa Mji Mkongwe tunapenda magofu, aje alale kwangu usiku wa mvua za Aprili, katika kile chumba cha upande ule, ambacho sisi tumekihama.

Tena mimi mwenyewe si msafi katika jambo hili. Mwaka 1998 ukuta huu huu ulitoa ufa pale ukumbini, mwembamba kama uzi wa kushonea. Marehemu mume wangu alitaka chokaa. Mimi nilitaka mambo yaishe kabla ya Idi. Chokaa ilikuwa ya kusubiriwa: ichomwe, izimuliwe, ilazwe shimoni wiki kwa wiki, kisha ipigwe tabaka jembamba, likauke kwa hewa, ndipo lije la pili. Saruji ilikuwa dukani. Hamali alileta mifuko kwa mkokoteni mpaka mlangoni, fundi alifanya kazi siku mbili, tukapaka rangi ya maji ya bahari, na Idi ikatukuta tunapendeza.

Masika ya pili ukuta ukaanza kutoka jasho. Unyevu ambao matumbawe huuvuta kutoka ardhini, na ambao zamani ulikuwa ukitoka taratibu kupitia chokaa bila mtu kujua, sasa ulikuwa umefungiwa ndani, ukapanda juu kutafuta njia. Rangi ikafanya malengelenge. Ukiyapasua kwa ukucha, unamwagika unga mweupe. Mwanangu mdogo aliulamba, akaniambia, "Mama, ukuta una ladha ya bahari." Tukakwangua, tukapaka tena. Baada ya miaka michache lipu ilianguka usiku kwa kipande kimoja, kikubwa kama ubao wa mlango, ikabandua na mawe. Nikamwita fundi mzee. Alipanda ngazi kutazama vichwa vya boriti pale vinapoingia ukutani, akachomeka bisibisi, nayo ikaenda mpaka kwenye mpini bila kusukumwa. Akaichomoa, akainusa, akanishushia na mimi ninuse. Harufu ya uyoga. Boriti sita zilikuwa hivyo, na vitu vyangu vyote vilikuwa juu yake.

Nimewafundisha watoto wa watu kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sikuwahi kuwaambia wauzibe kwa nini.

Kwa hiyo niliposoma katika maelezo ya michoro kwamba ukuta wa pamoja "utaimarishwa" kwa lipu ya saruji na mkanda wa zege upande wa jirani, sikuhitaji mhandisi wa kunifasiria. Upande wake utakuwa mkavu kama karatasi. Unyevu wote utakuja kwangu, maana ndiko kutakakokuwa kumebaki chokaa ya kupitia.

Na bwawa. Nilikaa na kalamu. Limeandikwa mita 6 kwa 4, kina mita 1.2. Hizo ni karibu mita za ujazo 29, na kila mita ya ujazo ya maji ni tani moja. Tani 29 juu ya paa kabla hajaingia mtalii hata mmoja. Nitaambiwa nguzo za zege zitabeba, na huenda zikabeba. Lakini nguzo zinasimama juu ya udongo, mkono mmoja kutoka msingi wangu, na udongo ukididimia haufuati mpaka wa hati. Mwezi uliopita walichimba shimo la kupimia, karibu na ukuta, kiasi cha kumfunika mtu mzima. Fundi alinishauri nibandike vipande vya karatasi juu ya ufa wa zamani kwa gundi ya unga wa ngano, niandike tarehe kwa penseli. Nikabandika vitatu. Siku ya nne kile cha kati kilichanika, upana wa ukucha wa mtoto mchanga. Sisemi shimo ndilo lililokichana. Nasema aje mtu mwenye ujuzi atazame, kabla halijachimbwa shimo la kweli.

Mnisamehe nikitaja jengo ambalo kila mmoja wetu akilipita siku hizi hutazama juu. Beit al-Ajaib, lile jumba la kifalme la hapa mjini, ilijengwa mwaka 1883, zama za Sultani Seyyid Barghash. Tarehe 27 Agosti 1896 mizinga ya manowari za Kiingereza iliangusha kasri iliyokuwa ubavuni mwake, yenyewe ikabaki. Tarehe 25 Disemba 2020, kazi ya matengenezo ikiwa inaendelea, sehemu yake kubwa ya mbele iliporomoka na watu wawili wakafa. Neno ni lile lile, ukarabati. Jumba lile lilikuwa na wahandisi, wafadhili na macho ya dunia. Nyumba zetu za vichochoroni zina hamali na mkokoteni.

Na pale Shangani ipo nyumba ya kale iitwayo Mambo Msiige. Wazee walitusimulia kwamba aliyeijenga alichanganya mayai katika chokaa, na jina lenyewe likawa maneno ya kujigamba: mambo haya msiige. Ilipokuja kuambatanishwa na jengo jipya la hoteli, Kamati ya Urithi wa Dunia ililalamikia ukubwa na urefu wake, tena si mara moja. Hoteli imesimama mpaka leo. Sitaki kuirudia kesi hiyo, ila kila mwekezaji mdogo amepita pale akajifunza kwamba jengo likishasimama, barua haziliangushi. Ndiyo maana hii yangu nimeiandika mapema.

Mji wetu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na haukuingizwa kwa ajili ya kasri. Eneo lenyewe ni hekta 96 za vichochoro, misikiti, makanisa, maduka, na nyumba kama hizi zetu zisizo na jina. Mpango wa hifadhi wa 1994 ulipita jengo kwa jengo, na waliouandika walijua kwamba huku ukitoa moja, mawili yanayumba. Fomu ya maombi, kinyume chake, inauliza juu ya kiwanja kimoja na mwenye kiwanja mmoja. Mimi katika fomu hiyo sipo, ingawa nusu ya ukuta imo chumbani kwangu.

Liko na jambo la uani. Lina haya kidogo, lakini nitalisema. Ghorofa ya pili na ya tatu katika michoro zina madirisha manne yanayotazama moja kwa moja uani kwangu, mahali ambapo mimi na mabinti zangu tunafua, tunapika, tunakaa vichwa wazi. Wajenzi wa zamani walikuwa hawafungui dirisha la kuchungulia ua wa jirani, na milango ya nyumba mbili zinazotazamana walijitahidi isikabiliane. Sijui kama kulikuwa na sheria. Kulikuwa na haya, na ilitosha. Zaidi ya hapo, ua wangu unapata jua kutoka saa nne mpaka saa nane. Kichochoro chetu ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, hakuna jua jingine la kutegemea. Ghorofa mbili za ziada zitaniachia saa moja, pengine. Jua hilo mnaweza kudhani ni la nguo tu. Ndilo linalokausha ukuta.

Vijana wa barazani hapa mtaani hawako pamoja nami wote. Mmoja, niliyemsomesha darasa la nne na ambaye bado ananichelea kidogo, aliniambia, "Mwalimu, wewe una pensheni. Sisi hoteli ikifunguliwa tutapata kazi." Sikumjibu papo hapo, kwa sababu ana haki. Nimefikiri tangu siku ile. Kujenga kwa chokaa nako kunataka mikono, tena mingi: ya kuchoma, ya kuzimua, ya kupanga mawe, ya kupiga sakafu ya paa kwa vipande vya miti siku kadhaa mfululizo, watu wakiimba ili mapigo yaende pamoja. Zahanati ya Kale pale Malindi ilitengenezwa katika miaka ya 1990, na roshani zake za mbao zinafanya wageni wasimame barabarani na kuzuia gari. Kanisa la hapa hapa Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa, lilipotengenezwa katika miaka ya 2010, vijana walifundishwa humo kazi ya mawe na chokaa. Namjua mmoja anayeiweza kazi hiyo. Sasa anachanganya zege Fuoni, kwa kuwa hakuna anayemwita kwa chokaa.

Na muombaji naye ana la kusema. Chokaa iliyolazwa vizuri ni shida kuipata, boriti nzuri ni ghali, na hakuna anayekukopesha pesa za udongo mwekundu. Mtu akitaka kufuata sheria anatumia fedha nyingi kuliko asiyefuata, na anamaliza miezi mingi baadaye. Pangekuwa na shimo moja tu la chokaa la mtaa, la kuuziana kwa bei ya haki, nusu ya magomvi haya yasingefika kwenu. Hilo ni la barua nyingine.

Ninachokuombeni sasa ni kwamba ombi lirudishwe, liandikwe upya kwa jina lake la kubomoa, na lijibiwe kwa jina hilo. Nyumba ijengwe kwa kimo chake cha leo. Akitaka iwe nyumba ya wageni, iwe. Vyumba sita vyenye dari za boriti na upepo wa kaskazi vinapangishika, mimi mwenyewe nitawaletea wageni mandazi. Bwawa litoke katika michoro. Ukuta wa pamoja usiguswe mpaka mhandisi aliyezoea matumbawe auone kutoka pande zote mbili, apige picha kila ufa, na sisi wawili tutie saini. Boriti zitolewe chumba kwa chumba, huku zimeshikizwa miti, na mpya ziingie kabla za mwisho hazijatoka. Mlango wa nakshi usiondolewe "kwa kusafishwa". Milango ya mji huu ikienda kusafishwa ina tabia ya kutorudi.

Na mkiyakataa maombi, tafadhalini msiyakatae kisha mkafunga faili. Mwenye nyumba aamriwe kuziba paa na kushikiza kuta kabla masika hayajaingia. Nyumba iliyonyimwa kibali ikaachwa wazi huanguka yenyewe, polepole, mbele ya macho ya watu. Kikishabaki kifusi, kinaombewa kibali cha jengo jipya, na hapo hapana tena cha kuhifadhi. Njia hiyo wakazi tunaijua kuliko tunavyoisema. Mimi ndiye niliye chini yake, sitaki ushindi wa namna hiyo.

Ule ufa wangu wa 1998 nao uandikwe katika ripoti, pamoja na saruji yangu. Sitaki jirani atwishwe makosa ya Idi yangu.

Nipo nyumbani kila siku baada ya laasiri. Nakuombeni mje kabla kikao hakijakaa, hata akija mmoja wenu tu. Saa hizo jua limeshauacha ukuta na ufa unaonekana vizuri kwa tochi ya pembeni. Muombaji nimemwambia aje naye, na ameitikia. Zile karatasi tatu bado ziko pale. Ya kati nimeiacha na mpasuko wake, nimebandika ya nne kando yake yenye tarehe ya leo. Penseli nimeitundika kwa uzi hapo hapo ukutani, atakayekuja aandike na tarehe yake.

Wassalaam,

Jirani yenu wa ukuta mmoja,
mwalimu mstaafu, Mkunazini, Zanzibar